Gari la Kutaka Mteremko

Huku Maguu mwenye gari kuukuu haegeshi kwenye tambarare, na hata hiyo tambarare yenyewe utaipata wapi? Unaegesha pua ikitazama bondeni, unaweka jiwe chini ya tairi, unakwenda kulala. Asubuhi unatoa jiwe, gari linaondoka lenyewe, na ukifika kona ya pili unaachia klachi, linakohoa, linawaka. Nimeendesha hivyo miaka mingi wala sioni aibu. Wenye magari mapya wanicheke tu, yao nayo yatazeeka.

Shida ni baridi. Mwezi wa sita na wa saba ukungu unashuka hadi mlangoni, na umeme wa gari langu ulikuwa ukianza vituko. Nikiwasha taa, waipa zilifagia kioo kikavu. Honi ikipata unyevu ilikuwa ikilia yenyewe; siku moja ililia nje ya kanisa katikati ya mageuzo ya misa, padri akanyamaza kuisubiri imalize. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini mkorofi mkubwa alikuwa betri. Kila jioni niliifungua, nikaibeba hadi jikoni, nikaiweka karibu na mafiga, na mama akaifunika blanketi lake la zamani.

"Umemlaza mwenzio," alikuwa akinitania, "sasa nawe kalale."

Mama yangu si mtu wa huku juu. Ni Mnyasa wa Lipingo, kule chini ziwani, aliletwa Umatengoni na ndoa akiwa msichana, na baridi hii hajaizoea mpaka leo. Dada yake, ambaye kwangu ni mama mkubwa, alibaki kule kule ziwani. Kila mwaka baridi ikizidi namteremsha mama akamsalimie. Tunalala usiku mmoja tu, tunarudi, maana msimu wa baridi ndio huo huo wa kahawa, na kahawa ikiwa kichanjani inataka kugeuzwa.

Mwaka jana tukapata habari kwamba macho ya mama mkubwa yanafunga. Watu bado anawaona, ila kwa tabu. Jioni ile mama akiifunika betri akasema, "Nataka anione kabla hayajafunga kabisa."

"Tunakwenda Jumamosi," nikamwambia. "Ila Jumapili saa nne tunageuza kurudi. Kahawa, mama."

"Sawa, mwanangu."

Alikubali haraka mno. Ningekuwa na akili ningeshtuka.

Jumamosi nikatoa betri blanketini, nikaifunga kwa mpira, nikaondoa jiwe. Kona ya pili, kimya. Kona ya tatu, kimya. Nikapiga ukelele, majirani wawili wakaacha ndoo zao za kahawa wakaja kusukuma. Gari likawaka, na honi nayo ikawaka, ikalia hadi Mbinga mjini, sitanii. Watu walitupungia mikono wakidhani tumembeba bibi harusi. Mama naye akawapungia.

Kule chini joto likatupokea, tukavua masweta. Mbamba Bay tulinunua sukari injini ikinguruma, kwa sababu sheria ya gari lile nilikuwa naijua: usizime mpaka uwe mteremkoni. Na Lipingo nilikuwa na mahali pangu, kilima kidogo karibu na shule, kabla hujafika kwa mama mkubwa. Miaka yote naliacha pale, tunamalizia kwa miguu.

"Leo magoti yananiuma," mama akasema tulipofika kilimani. "Na gunia la viazi atalibeba nani? Nifikishe mlangoni."

Nikamfikisha mlangoni, kwenye mchanga mweupe. Mama mkubwa alikuwa amekaa kizingitini, uso ameuelekeza kwenye mlio wa gari.

"Shikamoo, mama mkubwa!"

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea mdogo wangu?"

"Zima gari," mama akaniambia. "Moshi unamwingia dada machoni, na macho yenyewe ndiyo hayo."

Sasa hapo ungekataa? Nikazima. Palipotulia nikasikia ziwa, na hapo hapo nikakumbuka nimesimama wapi. Yesu na Maria! Nikazungusha ufunguo. Tik. Basi.

Asubuhi ya Jumapili watu walitoka kanisani wakaja kusukuma, wanaume kwa wanawake na nguo zao nzuri. Kadiri walivyosukuma ndivyo matairi yalivyozama. Fundi wa Mbamba Bay akaniambia kwa simu nimpelekee betri kwa bodaboda. "Ya nini kuhangaika?" mama akasema. "Jirani hapa ana sola." Sola yenyewe ilikuwa ya kuchajia simu! Jirani akasema itachukua siku tatu, labda nne.

Nilifoka. Nilipiga lile gari teke, nikaumia kidole. Nikampigia jirani yangu wa Maguu, nikimlilia habari ya kahawa. Akacheka, "Nimeshaigeuza tangu asubuhi. Ulidhani inakusubiri wewe?"

Basi nikakaa. Nikala ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa kule ziwani, mpaka nikaona haya. Wale wawili walikuwa kwenye mkeka juani tangu asubuhi hadi jioni, wakiongea Kinyasa chao, nami Kinyasa changu ni cha kuombea maji tu. Mama mkubwa alimshika mama uso kwa mikono miwili, akaupeleka kwenye mwanga, akautazama sana.

"Umezeeka wewe," akamwambia kwa Kiswahili, ili nami nisikie.

"Na wewe je?"

Wakacheka mpaka mama akajifuta machozi kwa khanga. Miaka hamsini na zaidi nilikuwa sijawahi kumwona mama akiwa mdogo wa mtu.

Siku ya nne gari likawaka. Tulipokuwa tunapanda milima, masweta yamesharudi mwilini, mama akasema akitazama nje, "Pale nilipozaliwa hapana mteremko hata wa kuviringisha limau."

Nilichelewa kuelewa. "Mama! Na ule moshi?"

"Moshi ulikuwepo. Kidogo."

Kikulacho ki nguoni mwako! Nilicheka mpaka nikapunguza mwendo. Yeye hakucheka.

"Ningekuomba siku nne," akaniuliza, "ungenipa?"

Jibu tulikuwa tunalijua wote wawili. Tuliendelea kupanda, na kwa mara ya kwanza nilitamani honi ilie.

Mwaka huu nimenunua betri mpya. Fundi amenifungia na nyaya mpya, waipa zina adabu, gari linawaka hata kwenye ukungu mzito. Mwezi wa saba tukateremka tena. Pale kilimani sikusimama. Nikaingia hadi kwenye mchanga, nikazima mwenyewe, nikafungua boneti, nikalegeza waya wa betri, nikauchomoa.

Mama mkubwa sasa haoni kabisa. Alikuwa kizingitini, ameshika mkono wa mama, anaupapasa kidole kimoja kimoja.

"Mbona kimya?" akauliza. "Gari limegoma tena?"

"Limegoma, mama mkubwa."

"Litapona lini?"

Mama akanitazama, akaitazama spana mkononi mwangu.

"Si kabla ya wiki mbili," nikajibu.