Mfalme wa Barazani

Nyumba ya Mzee Adomako ipo Ashanti New Town, hapa Kumasi, na mimi, mwalimu wa shule, nilipanga humo chumba cha pembeni mwa lango hadi ndevu zangu zikaanza kuota mvi. Kila aliyelala chini ya paa lile alijua jambo moja, hata watoto wa wapangaji: mzee akifa, nyumba itakuwa ya Duodu, mwana wa dada yake, wala si ya Boahen, mwana wake wa kumzaa. Kwetu damu hufuata mama. Mtoto wako ni wa ukoo wa mkeo. Mpwa wako ndiye wa kwako. Duodu na Boahen waliyajua hayo tangu wakila bakuli moja na kunyang'anyana kichwa cha samaki, wakiitana mwizi na mvamizi, kwa maana binamu kwetu ni mtani, na mtani hakasiriki.

Boahen alikuwa fundi wa injini kule Suame. Baba yake alipopooza upande mmoja, watoto wengine walituma salamu kutoka mbali, yeye akafunga kibanda chake akarudi nyumbani. Alimwogesha mzee, akamgeuza kitandani, akamlisha supu kijiko kwa kijiko. Mkewe, Afriyie, aliuza wali na maharagwe barabarani, na hayo ndiyo yaliyowalisha wote. Mchana mzee aliketishwa barazani kwenye kiti chake cha mikono, na Boahen aliketi kando yake hana la kufanya, mikono ile iliyozoea mafuta machafu imelala mapajani kama vifaa vilivyosahauliwa.

Duodu ndiye aliyemletea mchezo ule. Alikuwa karani wa bima, mtu wa shati lililopigwa pasi, na Jumamosi moja alikuja na kompyuta yake kuukuu kwapani.

"Utaoza hapo ulipokaa, binamu," alisema. "Chukua. Humu mna vita vya miaka mia nne."

"Nikitaka vita ninaye mama yako," Boahen akamjibu. Mzee alicheka kwa nusu ya mdomo iliyokuwa ikimtii bado.

Ulikuwa mchezo wa zama za mapanga na ngome. Huchezi nchi, unacheza mtu. Unaingia ndani ya kabaila mmoja, unaoa, unazaa, unaposea watoto, unapiga vita, unahonga maaskofu. Kabaila huyo akifa, unazinduka ndani ya mrithi wake na kuendelea. Ukikosa mrithi, umekwisha.

"Usianze na mfalme," Duodu alimfundisha. "Mfalme ana maadui wengi kuliko nywele zake. Chagua mtu mdogo."

Boahen alimchagua mkubwa wa bonde moja la milimani, mwenye ngome moja na mke mgomvi. Wiki za mwanzo aliteseka. Kioo kilijaa nyuso, ngao na maneno, na kila alichogusa kilifungua vingine vitatu. Alipandisha kodi, wakulima wakaasi. Alimtukana jirani, jirani akaja na jeshi. Lakini alikuwa mtu aliyewahi kuifungua injini ya lori mpaka skrubu ya mwisho na kuirudisha ikanguruma, na mtu wa namna hiyo haogopi kitu chenye sehemu nyingi. Akaanza kusikia mahali kinapogonga.

Kosa lake kubwa lilikuwa moja, na sidhani kama waliotengeneza mchezo ule waliwahi kuona mtu akilifanya kwa bidii kiasi kile. Alimtafutia dada wa kabaila wake mume mzuri. Mpwa alipozaliwa, alimpeleka kwa walimu bora, akampa bonde la pili na wapanda farasi. Mwana wa kabaila mwenyewe akamwacha acheze na mbwa. Kabaila alipokufa, Boahen alizinduka ndani ya yule wa mbwa, na mpwa yuko langoni na wapanda farasi wote.

Duodu alicheka mpaka akashika nguzo.

"Umemlea mwizi wako mwenyewe, we mjinga! Kwa pesa yako!"

"Lakini ni mpwa wangu!"

"Hawa watu hawajui mpwa. Kwao mtoto wa mke ndiye anayerithi."

Boahen aliacha kugusa kompyuta. "Yaani humu ndani," alisema polepole, "mwana anarithi?"

"Humu ndani, ndiyo."

Duodu alisema vile huku akifuta machozi ya kicheko, na nadhani hakumtazama mwenzake usoni. Mimi nilimtazama. Nimewahi kuona uso ule kwa mtu aliyeoneshwa kwa mbali mji alioambiwa kwamba haupo.

Kuanzia siku hiyo aliupenda mchezo kwa mapenzi ya kweli. Aliujua ukoo wake wa uongo kwa majina, kizazi baada ya kizazi: huyu mcha Mungu, huyu mlevi, huyu aliyemtia mkewe kifungoni na kumlilia uzeeni. Alijifunza kwamba ndugu wakigawana nchi, baba amepigana bure, na kwamba kuna sheria ya kumpa mkubwa yote, ila lazima uwalainishe wakuu kwanza, mmoja mmoja, kwa zawadi na posa. Jumamosi Duodu alikaa kando yake kama mwalimu wa chuo.

"Mpinzani usimuue," alimwambia siku moja. "Ukimuua watu watakuchukia, na watoto wake watakua. Subiri tu. Kila mtu husahau kitu."

Mzee Adomako naye alizoea. Asubuhi aliuliza, "Mfalme ameamkaje leo?" maana kufikia wakati huo yule mtu mdogo wa bonde alikuwa amezaa wafalme. Siku moja akauliza jingine, ulimi ukimburuta.

"Na huyo kijana. Atakalia kiti cha baba yake?"

"Atakikalia, Baba."

Mzee aliitazama ile kompyuta, kisha akayatazama mapaa ya nyumba yake, kisha akafumba macho. Tulidhani amelala.

Mwezi uliofuata aliita watu: Mzee Kyeremeh, mkuu wa ukoo wao; dada yake mwenyewe Pokuaa, aliye mama yake Duodu; na mimi, kwa sababu mpangaji hana upande. Duodu alikuja na mama yake lakini alikataa kuingia ndani. "Mpwa hakai panapogawiwa," alisema, akaketi barazani mbele ya kompyuta.

Mzee alizungumza kwa taabu, ila hakuna aliyekosa kusikia. "Nyumba hii. Nampa Boahen. Ndiye aliyenishika."

Pokuaa alitazama ukuta. Boahen alipiga magoti, akaushika mguu wa baba yake uliokufa na kulia kwa sauti, mtu mzima yule.

"Tumesikia," alisema Mzee Kyeremeh. "Machozi ni yako na baba yako. Sisi tunangoja shukrani."

Hapo sihitaji kumweleza mtu wa kwetu. Zawadi kwetu haiwi zawadi mpaka anayepewa alete kinywaji, mashahidi wakione, wakionje, matone yadondoshewe waliotangulia. Chupa ile ndiyo ndoa kati ya neno na kitu. Boahen alilijua hilo tangu hajaota meno. Duka la Dufie, lenye chupa za shnapsi, pombe kali ya matambiko, dirishani, lilikuwa ng'ambo ya barabara. Aliinuka, akafuta uso, akatoka.

Nilimwona dirishani akipita barazani. Nilimsikia Duodu.

"Binamu! Mfalme wako anakata roho! Wakuu wawili wamekataa kumtambua kijana. Njoo uamue, mie sitaki kukuharibia."

"Simamisha. Natoka kidogo."

"Kidogo? Wewe si ndiye unayejua nani umempa nini? Dakika moja tu."

Boahen alisimama mguu mmoja ngazini. Mfalme yule alikuwa amemgharimu mwaka mzima. Akaketi.

Ndani, tulingoja. Pokuaa alipiga miayo. Mzee Adomako akasinzia, kidevu kifuani. Mzee Kyeremeh alikuwa na msiba wa kwenda Mampong, na dereva alipiga honi mara mbili, tatu. "Atatukuta siku nyingine," alisema, akachukua fimbo yake. Alipokuwa akivuka ua, Boahen aliruka kutoka kitini, mikono juu.

"Amerithi! Mwana amerithi, bila hata vita!"

Mzee Kyeremeh alimtazama, akatazama mikono yake mitupu, akapanda gari.

"Chupa?" nilimuuliza.

"Kesho, Mwalimu. Kesho nitamfuata mwenyewe."

Duodu aliinama akaunganisha waya wa kompyuta vizuri.

Kesho yake Mzee Kyeremeh alikuwa bado Mampong. Alfajiri ya siku iliyofuata Mzee Adomako alipata pigo la pili, na kabla jua halijapanda Afriyie alikuwa amefunga kitambaa chekundu cha msiba.

Mazishi yalikuwa makubwa; wafu wetu huheshimiwa kuliko walivyoheshimiwa wakipumua. Baada ya siku arobaini ukoo ulikaa uani. Boahen alisimama akasema baba yake alimpa nyumba, na mashahidi wapo. Kuna aliyetaja sheria ya serikali inayowalinda watoto. Mzee Kyeremeh alitikisa kichwa: sheria ile ni ya mali ya mtu mwenyewe, na nyumba hii ilijengwa kwa kakao ya shamba la ukoo; kitu kimoja tu kingeitoa ukooni, zawadi iliyokamilika. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, wewe huna upande. Neno ulilisikia?"

"Nililisikia."

"Shukrani je, uliionja?"

Boahen alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile tena.

"Sikuionja," nilisema.

"Nami sikuionja." Akamgeukia Duodu. "Na wewe ulikuwa barazani. Uliona chupa ikipita?"

"Sikuiona, Mzee." Alisema kwa upole, kama anayempa mtu pole. Wala hakusema uongo.

Nyumba ikawa ya Duodu, naye hakumfukuza binamu yake. Watu walimsifu kwa hilo, na bado wanamsifu. Alihamia vyumba vya mbele, akampa Boahen na Afriyie kile chumba cha nyuma, ubavuni mwa jiko, kilichokuwa stoo ya mkaa. Alitangaza mbele ya ukoo, Jumapili, watu wakiwa wameketi.

Kabla hajamaliza sentensi, Boahen alikuwa ameshavuka barabara. Alirudi mbio na chupa, akaishika kwa mikono miwili, akainama mbele ya Duodu. "Nashukuru," alisema. "Mashahidi waone." Mzee Kyeremeh alidondosha matone chini, akawaita wafu kwa majina, na jina la Adomako likawemo. Glasi ndogo ikazunguka. Safari hii nilionja. Watu wakapiga makofi.

Walipoondoka, Boahen aliokota glasi akazipeleka bombani kuziosha. Barazani Duodu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mikono, kompyuta mapajani.

"Binamu!" aliita kwa furaha. "Nimekutunzia. Njoo umwone mfalme wako, amepata mwana!"

Boahen aliipindua glasi, akaitazama kwenye mwanga kama imetakata, akachukua nyingine.

"Nakuja, mwenye nyumba," alisema.