Ngao Iliyokauka Kichwa Chini Dirishani kwa Menga

Ameanguka mlimani. Uvumi huo unampokea Menga Tarnutzer dukani, hata kabla hajaomba mkate, na mpaka leo akifumba macho anausikia.

Ni asubuhi ya Jumamosi kijijini Pradatsch, milimani Uswisi. Menga, mjane anayechora kwenye mbao ngao za koo, yaani alama za familia, bado ana rangi ya kijani kwenye kucha. Anapoingia, wanawake wawili wanaacha kuzungumza. Urschla, mwenye duka, anamtilia mfukoni mkate wa pea, ule wenye matunda makavu ndani, na kusukuma pesa zake pembeni.

"Chukua tu, Menga. Leo hulipi."

"Kwani leo sikukuu ya nani?"

Urschla anaziba mdomo kwa kiganja. "Tumeona, mwenzangu. Kijiji kizima tumeona. Pole."

"Mmeona nini?"

"Maskini, hata hajielewi," mmoja wa wale wawili ananong'ona. "Wanasema ameanguka kule juu. Na ndiye alikuwa wa mwisho."

Menga anauacha mkate kwenye meza ya duka.

"Nilitoka mbio," anasimulia. "Mwanamume mwenye jina la Tarnutzer amebaki mmoja tu, mwanangu Gaudenz. Yuko malishoni juu na ng'ombe. Nikajua wamemwona akianguka. Sikuuliza tena. Wewe ungeuliza?"

Pradatsch kila ukoo una ngao yake, ya mkulima sawasawa na ya tajiri. Hutundikwa kwenye ukuta wa ukumbi wa kijiji. Ya Tarnutzer ina vilima vitatu vya kijani kwa sababu walihamia kutoka ng'ambo ya mlima, shoka kwa sababu walikata msitu wakajenga, na juu kabisa nyota moja ya dhahabu ambayo kila mzee anakupa maana yake.

Mwanamume wa mwisho mwenye jina akifariki, ngao ya ukoo hugeuzwa kichwa chini. Hakuna tangazo. Anayeingia ukumbini anaona, anavua kofia. Na anayezigeuza ni Menga mwenyewe, maana ndiye fundi. Ya ukoo wa Hitz aliigeuza kwa mikono yake, mjane wa marehemu akiwa amesimama nyuma yake.

"Niliisikia pumzi yake shingoni," anasema. "Usiku ule sikula. Nilimwangalia Gaudenz akimumunya jibini, nikajiambia, huyu naye ni mmoja tu."

Kazi yenyewe haimtajirishi. Ubao mmoja humla wiki mbili, na majira ya baridi wateja hupotea. Ni jibini la Gaudenz linalowasha jiko.

Kutoka dukani anapiga simu ya mwanawe. Haipatikani; malishoni mtandao huja na kuondoka kama mgeni mwenye haraka. Anakata njia ya kanisani. Mzee Jöri, mpiga kengele, yuko mlangoni, kavaa koti jeusi.

"Menga, binti yangu. Nipige sasa au tumngoje mchungaji?"

"Upige nini?"

"Ya msiba."

"Usipige!" Anamshika koti kwa nguvu hadi kifungo kinang'oka. "Sijamwona kwa macho yangu, Jöri! Mpaka nimwone!"

Anapanda. Anapanda na viatu vya nyumbani. Kila penye genge anachungulia, kisha anajilaumu kwa kuchungulia. Anasema hakuomba Mungu njia nzima, alihesabu tu makosa: kwa nini alimruhusu, kwa nini hakumtuma mtu mwingine na ng'ombe.

Kwenye kibanda cha juu moshi unatoka. Mtu amejiinamia juu ya sufuria kubwa ya maziwa, anakoroga, anapiga mluzi.

"Mama? Umelifuata jibini mpaka huku? Bado halijaganda!"

Menga anamzaba kofi. Kisha anamkumbatia, anampapasa mbavu, kichwa, mikono, kama anayenunua ndama.

"Umekufa," anamwambia. "Kijijini umekufa."

"Nimekufa na nimeshakamua ng'ombe wote? Basi huko mbinguni wananionea."

"Usitanie, Gaudenz!"

"Sawa, mama. Sitanii. Kaa, unywe maziwa."

Wanashuka pamoja. Wamefika kwenye kona ya misonobari, kijiji kiko chini yao, mara kengele inalia. Taratibu, ule mlio mmojammoja ambao kila mtu wa pale anaujua. Gaudenz anavua kofia kama alivyofundishwa tangu mdogo.

"Nani amekufa, mama?"

"Wewe."

Wanasimama. Menga anasema hajawahi kumwona mwanawe na uso ule, mtu mzima wa mabega mapana, kofia kifuani, anaisikiliza kengele yake mwenyewe mpaka ikamaliza.

Wanaingia kijijini. Mlango mmoja unafunguka na kufungwa kwa kishindo. Urschla anatoka dukani, anamwona Gaudenz, anakaa chini barabarani palepale. Mzee Jöri anakuja mbio.

"Nilikuomba usipige!" Menga anamfokea.

"Nilingoja! Kisha nikaenda kuhakikisha kwako. Nikaiona kwa macho yangu, Menga. Kama wote walivyoiona."

"Umeona nini? Mbona wote mnasema mmeona?"

Jöri ananyoosha kidole. Gaudenz ndiye wa kwanza kutazama.

"Mama," anasema polepole. "Nani amenigeuza?"

Kwenye dirisha la karakana ya Menga, upande wa barabara, iko ngao ya Tarnutzer. Vilima viko juu, nyota iko chini.

Menga alikuwa ameishusha ukumbini kuirudishia rangi. Jioni ya Ijumaa aliipaka vanishi, akaisimamisha dirishani kichwa chini, kama afanyavyo na kila ubao, ili vanishi isijikusanye kwenye ncha ya chini ya ngao. Ngao za watu huzifunika kwa shuka. Hii hakuifunika.

"Nilijiambia, hii si ni yetu tu," anasema Menga. "Nani ataitazama? Mwanangu nilimuua mwenyewe, kwa mkono huu, kisha nikapanda mlima kumtafuta."

Kuhusu kuanguka, hakuna aliyewahi kumpata aliyeanza. Waliona ngao, wakajua mwenye ngao yuko mlimani, iliyobaki wakajazia.

Gaudenz hucheka akiisimulia. Lakini mama yake anasema, tangu siku ile, mwanawe akishuka kutoka malishoni hutazama kwanza dirishani ndipo abishe hodi.

Sasa Menga anaziba dirisha hilo kwa mawe, afungue lingine upande wa bustani. Ngao yao ataitundika tena ukumbini siku ya mkutano wa kijiji, na ameomba Gaudenz ndiye aishike, watu wamwone yeye na nyota juu ya kichwa chake. Anatumaini kuiona siku moja imeshikwa na mjukuu.

Kwa mama yeyote anayesoma haya, ya kuepuka ni haya:

Usikaushe ngao panapoonekana barabarani.

Usiache kuifunika kwa kuwa ni ya kwako.

Usiseme "tumeona" bila kusema umeona nini.

Usitoe pole kabla hujamtaja marehemu kwa jina.

Usijazie mlima, mto wala gari kwenye habari usiyoijua.

Usipige kengele mama akiwa bado njiani.