Nyanya na Wataalamu wa Mpira wa Kikapu

Jumamosi iliyopita nilimpeleka baba Longbridge, hapa Birmingham, kununua viatu. Maduka ya pale yamejengwa palepale palipokuwa na kiwanda cha magari alichofanyia kazi ujana wake wote, na kila tukienda yeye hunielekeza kwa mageti ambayo hayapo tena. Tulipomaliza tukaingia mkahawani kunywa chai. Meza ya pili walikaa vijana wawili wa Kikenya, wanafunzi bila shaka, wakibishana ni mchezaji yupi wa vyuo vya Amerika aliyefunga pointi nyingi zaidi katika mpira wa kikapu. Kila mmoja alikuwa na simu mkononi. Jibu lilikuwa mle ndani ya simu, na hakuna aliyetaka kuliangalia. Baba akaacha chai yake, akageuza kiti kuwaelekea. Hasira ya zamani ikanipanda, na anayenijua anajua kwamba sikujitahidi sana kuizuia.

Ubishi huo nimekua nao. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, tukikaa mtaa wa Aston, kwenye zile nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, choo kikiwa uani karibu na banda la makaa. Sebule yetu ilinuka mafuta ya taa ya hita, makoti mabichi na chapati. Jumamosi kukiwa na mechi, mashabiki wa kandanda walipita mtaani wakiimba, na baadaye tungesikia uwanja mzima ukiunguruma. Mpira wa kweli ulikuwa ukichezwa hatua chache kutoka mlangoni petu. Wataalamu wetu hawakuwa na habari nao. Wao walikuwa wamekaa sebuleni wakijadili mpira wasiouona, wa vyuo wasivyovijua, katika nchi ambayo wawili kati yao hawakuwahi kuikanyaga.

Walikuwa watatu. Baba, ambaye kiwandani alifunga milango ya magari na nyumbani hakuwahi kufunga hata kitasa kilicholegea. Mwalimu, aliyeitwa hivyo kwa sababu alifundisha shule ya msingi nyumbani Kenya kabla ya kwenda Amerika kusoma. Huko alikaa mwaka mmoja, akarudi na koti la chuo na kimya kizito kuhusu mitihani. Wa tatu alikuwa Jirani, Mhindi wa Kisumu mwenye duka la kona, ambaye kila Jumamosi, siku wateja walipofurika, alimwachia mkewe duka zima akaja kwetu kusaidia kubishana.

Kaka yake Mwalimu alibaki Amerika, na alikuwa akimtumia magazeti ya michezo yaliyofika yamechelewa na kukunjamana. Hayo ndiyo yalikuwa maarifa yao yote. Runinga yetu ilionyesha mieleka. Lakini ungewasikia ungedhani walilelewa chini ya kikapu.

"Wewe bwana unaleta average," Mwalimu angesema, akigonga meza. "Mimi naongea total. Total ya career."

"Total ipi, na mwaka wa kwanza hawakumruhusu ku-play timu kubwa?" Jirani angejibu. "Ile miaka mitatu yake ni sawa na minne ya huyo wako. Ongeza za freshman, za huo mwaka wa kwanza, uone."

"Za freshman hazihesabiwi!"

"Nani kasema hazihesabiwi?" Huyo alikuwa baba, na hapo sauti yake ingepanda hadi vikombe vitetemeke kabatini.

Wangeweza kwenda hivyo mchana kutwa. Watu wazima wenye sharubu. Wiki moja wangekubaliana, na wiki inayofuata wangesahau walikubaliana nini, wakaanza upya na hasira mpya.

Na juu ya vichwa vyao, kwenye chumba chenye sakafu ya mbao nyembamba, mama alikuwa akijaribu kulala.

Mama alikuwa mwaka wa mwisho wa mafunzo ya uuguzi, na zamu yake ilikuwa ya usiku. Alirudi Jumamosi asubuhi miguu imevimba, akatuwekea uji, akapanda ngazi akiushika ukuta. Jioni alitakiwa kurudi wodini. Kelele za uwanjani hazikumsumbua, alikuwa akisema zile ni kama mvua. Sauti ya mumewe ikitetea pointi za mtu asiyemjua, hiyo ilimwamsha kila alipofumba macho. Alikuwa na msemo wake: "Mimi nalala masikio yakiwa nje." Akiamka, hakuwafukuza. Angewafukuzaje? Mwanamke anayelala wageni wakiwa sebuleni ni habari ambayo ingefika nyumbani Kakamega kabla ya barua. Kwa hiyo alifunga leso, akashuka, akachemsha chai ya maziwa na tangawizi, akawawekea mbele yao. Nao wakasema, "Asante, shemeji," bila kuinua macho kutoka kwenye gazeti.

Majira ya kupukutika majani, msimamizi wa wodi alimkuta mama amesinzia kitini. Akamwambia akikutwa tena, mafunzo yamekwisha, na mtihani wa mwisho asahau. Nilimsikia akimweleza baba jikoni. Baba alisikitika kwelikweli, namjua, alishika kichwa. Jumamosi hiyohiyo wenzake walibisha mlango akawafungulia.

Nilitumwa mara nyingi kuwanyamazisha. Wakati huo nilielewa Kiswahili lakini nilikijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa mtaa wetu.

"Dad, Mum's asleep," ningesema mlangoni.

"Tunaongea pole pole, binti yangu," baba angejibu, kwa upole kabisa, kisha angegeuka na kupiga kelele.

Nyanya alikuja mwanzoni mwa baridi. Alikuwa mama mzazi wa mama yangu, aliyeletwa Birmingham kumwangalia mama mdogo wa Great Barr aliyekuwa amejifungua. Alikaa huko Great Barr, maana kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mume wa binti yake. Hata kuingia huingia kwa taratibu zake, na mkwe wa kiume hakai naye chumba kimoja, hali mbele yake, wala hapazi sauti akiwa karibu. Hilo hata wataalamu wa mpira wa kikapu walilijua.

Mama alipokwenda kumsalimu, nyanya alimtazama macho kwa muda mrefu. Baadaye akanivuta kando.

"Mama yako hulala saa ngapi?"

"She doesn't," nikajibu. Nyanya akaendelea kunitazama. Hakujua neno la Kiingereza, na mimi Kiluhya sikukijua, ikabidi nikitafute Kiswahili mdomoni kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. "Halali, nyanya. Baba na wenzake wanapiga kelele. Kuhusu mpira."

"Mpira wanacheza?"

"Hawachezi. Wanaongea."

Nyanya akaguna.

Jumamosi iliyofuata alishuka basi mtaani kwetu akiwa na mama mdogo aliyembeba mtoto mgongoni, yeye ameshika mfuko wa maharagwe. Akaingia sebuleni, akakalia kiti cha baba, kile cha karibu na hita kinachotazama mlango, akaomba sinia, akaanza kuchambua. Mama mdogo alimwacha hapo akaenda zake sokoni.

Baba alitoka jikoni na gazeti mkononi. Alipomwona, alirudi nyuma kwa kasi akagonga mlango kwa kisigino. Akasalimia akiwa upande wa pili wa ukuta. Mwalimu alifika, akaingia na neno "career" mdomoni, akalimeza. Yeye na Jirani walikuwa wakimwita mama shemeji miaka yote hiyo, walikunywa chai ya ushemeji, basi mkwe wa baba alikuwa mkwe wao. Jirani ndiye aliyenishangaza. Mila haikuwa yake, lakini alizaliwa Kisumu, na aliinamisha kichwa akapita kwa ubavu, kwa adabu kuliko wote.

Wakaishia uani. Nilichungulia dirisha la jikoni nikawaona wamesimama kati ya choo na banda la makaa, makoti yamefungwa hadi shingoni, mvuke ukiwatoka midomoni, wakibishana kwa kunong'ona. Baridi ilipozidi Jirani alijifungia chooni, akaendelea kutetea pointi zake za mwaka wa kwanza kupitia mlango.

"Waulize kama wanataka chai," nyanya akaniambia kwa sauti ya kusikika.

Walikataa wote watatu, kwa heshima kubwa.

Nilipanda juu. Mama alikuwa amelala mdomo wazi, soksi moja mguuni na nyingine mkononi. Sikuwahi kumwona hivyo. Nilikaa kwenye ngazi nikisikia maharagwe yakidondoka kwenye sinia.

Nyanya alikuja kila Jumamosi hadi baridi ilipokwisha. Mama hakusinzia tena wodini. Alifanya mtihani akapasi, akapata zamu za mchana, na ile bahari ya chai ya Jumamosi ikakauka sebuleni kwetu. Siku ya kuondoka, nyanya alinishika mikono. "Kwetu nisingekaa kwenye kiti kile hata kwa kuvutwa," akasema. "Nimejiaibisha makusudi. Ni mwanangu." Sikumwona tena.

Nyumba ile ilibomolewa, na duka la kona pia. Jirani alifariki. Mwalimu alirudi Kenya, sijui kama kile kimya chake kuhusu mitihani kilimfuata. Hita za mafuta ya taa hazipo, na wala simkumbuki mchezaji hata mmoja waliyempigania. Wao pia, nadhani, waliwasahau kabla ya kuwafahamu.

Mama tulimzika mwaka jana.

Kwenye gari, tukirudi kutoka Longbridge, baba alikuwa bado anawaka. Vijana wale walikuwa wamempinga. "Wanahesabu za freshman," aliniambia, akijigonga gotini kwa kiganja. "Siku hizi wanahesabu! Sasa utalinganishaje?" Aliendelea hivyo barabara nzima, na mimi nikakaza macho mbele nikiwadharau wote, wa zamani na wa sasa.

Nikafungua mlango wa nyumba yake, aliyokaa na mama hadi mwisho. Baba akavuka kizingiti, akatazama ngazi, na palepale akashusha sauti. Akaendelea na hoja yake ileile, kuhusu miaka mitatu na miaka minne, kwa mnong'ono, huku akivua viatu asije akagonga sakafu.

Maneno niliyomwekea tangu utotoni nikayaacha yalipo, nikafunga mlango.

"Ongea tu kwa sauti, baba," nikamwambia kwa Kiswahili. "Hakuna aliyelala."

Akanitazama, akatazama ngazi tena, akaviweka viatu sakafuni taratibu.