Gari Lililolazwa Halifiki Nanyamba

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na leo umenirudisha kwayo uliponionyesha kwenye simu yako gari lililolazwa mpaka karibu lilambe lami, na kijana anaapa kwamba halili mafuta tena. Mtu akiapa kabla hajaulizwa, mimi hushika mfuko wangu kwanza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ujanani niliendesha taksi pale Chuno, mtaa wa mjini. Gari lilikuwa la mjomba, kaka yake mama, alilinunua kwa korosho zake, na kwetu unajua, mjomba akisema amesema. Sharti lake lilikuwa moja tu: siku ya mama kwenda hospitali, niache abiria wote nimfuate Nanyamba alikoishi, nimlete mjini. Mama alikuwa na kisukari, na kidonda cha mguuni kilikuwa hakitaki kufunga. Bila kukihudumia, mguu ungekatwa.

Basi rafiki yangu Hamisi alikuwa amekatiwa springi za gari lake, lishuke chini, na fundi mmoja mwenye maneno matamu. Gari likiwa chini, alisema fundi, upepo haupati pa kuingilia, linateleza tu, mafuta yanabaki kwenye tangi. Hamisi naye akathibitisha kwamba siku hizi kituo cha mafuta wamemsahau. Tamaa ikanishika. Nikamwita fundi aje kesho yake anilazie na langu.

Jioni mjomba akatukuta tunalisifia gari la Hamisi. Alilizunguka, akainama, akajaribu kupitisha ngumi chini yake. Haikupita.

"Hii inakula kidogo?" akauliza.

"Kidogo sana, mjomba," akajibu Hamisi.

"Tangu uilaze, umeenda nayo wapi?"

"Hapahapa mjini. Sokoni, bandarini."

"Na kule kijijini Ziwani je?"

"Kule mashimo mengi, mjomba. Nawaachia wenzangu."

"Na Nanyamba?"

Mjomba akanigeukia mimi. "Hata kitanda changu hakili mafuta, maana hakiendi popote. Ukishailaza hiyo ya kwako, dada yangu utamfuata na nini?"

Nilikasirika, sikufichi. Nilidhani ananionea wivu wa ujana. Lakini fundi alipokuja nilimrudisha, na tangu hapo nikaanza kuwachunguza wenye maneno kama yake.

Sisemi alidanganya yote. Kwenye lami nyoofu, ukienda kasi kwa mwendo mmoja, gari la chini hupata upinzani mdogo wa upepo na huenda likabakiza mafuta kidogo. Hilo alilisema. Hakusema kwamba kwenye njia mbovu kila shimo utakanyaga breki, utarudi gia ya kwanza, utakanyaga tena mafuta, na akiba yote itaishia hapo. Wala hakusema kwamba springi ya kukatwa huyakalisha magurudumu upande, matairi yakaisha upesi. Kila mwamba ngozi huvutia kwake.

Masika ile mvua iliharibu njia vibaya. Zikaja habari kwamba mama ana homa na mguu umevimba. Nilikwenda kwa matope, tumbo la gari likikwaruza udongo hata kwa kimo kile kile lilichotoka nacho kiwandani. Njia nzima nilimuwaza yule fundi. Hospitalini wakatuambia tungechelewa kidogo tu, wangeukata. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na tulimzika na miguu yake yote miwili.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiambiwa kitu kinapunguza matumizi, usiulize kimebakiza nini tu. Uliza kimeacha kwenda wapi, na ni nani anayekungoja huko. Na anayekuambia, mtazame vizuri: njia yako anaijua?

Mwenyezi Mungu akupe sikio gumu kwa maneno matamu, na akufikishe salama kwa kila anayekutegemea.