Yaya Akabaki

Nimefundisha Kiswahili hapa Nakuru hadi nikastaafu, na mtu akivuruga ngeli mbele yangu bado mdomo unaniwasha. Ndiyo maana jumba dogo la makumbusho mjini liliponiita kusaidia maonyesho ya vijana waliohamia kwetu kutoka nchi nyingine, nilikubali kabla hawajamaliza kuniomba. Hapo awali zilikuwa picha tu ukutani, na wanafunzi walizipita mbio kwenda kula mkate wao nje. Sasa ililetwa skrini kubwa: unagusa uso wa kijana, unachagua swali, naye anakujibu kwa sauti yake mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuwahoji, kuandika maneno yao na kuamua lipi litabaki na lipi litakatwa.

Msichana mmoja Mkongo, anayeishi Kaptembwo na kufulia watu nguo, alikuja na sharti. Alitaka mama yake awe mtu wa kwanza kuugusa uso wake pale kwenye skrini.

"Kuna kitu mama hajui, mwalimu," aliniambia. "Nikimuangalia kinakwama hapa." Akajishika koo. "Ile mashine itamwambia."

Walikimbia vita akiwa mtoto mdogo. Mama alipotea kwa njia nyingine, wakaja kupatana huku Kenya baadaye. Nilimwahidi kwamba mama atasikia yote. Alipofika kwenye habari ya wanajeshi waliowasimamisha njiani alilia sana, nami nikajua kitu chenyewe ndicho hicho. Nikaandika kila neno.

Halafu nikamuuliza alivukaje mpaka. Akajibu kwa kile Kiswahili chao kilichokuwa kimenikera tangu asubuhi: "Yaya alinibeba ku mugongo mpaka ku mto. Yaya akabaki. Mi nikavuka mwenyewe."

"Sema mgongoni," nikamwambia. "Sema mtoni."

Akatabasamu kidogo.

Fundi wa kompyuta, mwanamume wa haraka haraka, alitaka kila jibu liwe fupi. "Watu hawawezi simama hapo wakingoja hadithi, madam. Na hiyo ya yaya tutoe. Mkimbizi na hausigeli? Watasema hawa walikuwa wadosi, watu wa pesa."

Nikacheka. Ai, nilicheka! Kwetu yaya ni yule msichana wa kulea watoto na kuosha vyombo. Akibaki njiani, basi amerudi kwao. Nikamwambia akate. Nimewaimbia watoto wa watu miaka na mikaka kwamba kuuliza si ujinga, na siku hiyo mimi mwenyewe sikuuliza.

Siku ya ufunguzi mama alikuja na kitenge kilichopigwa pasi vizuri. Wageni waliombwa wasubiri kidogo, yeye atangulie. Alisikiliza habari ya wanajeshi akitikisa kichwa polepole. Kumbe hiyo alikuwa akiijua zamani. Binti yake akamshika mkono, akausogeza hadi kwenye swali la mpaka.

"Mi nikavuka mwenyewe," mashine ikasema.

Binti alingoja. Akagusa tena kwa kidole chake. Mashine ikarudia vilevile.

Mama akamgeukia. "Mwenyewe? Ulimuacha yaya yako?" Akamshika mabega. "Mutoto yangu ya kwanza, ulimuacha?"

Kumbe kwao yaya ni dada mkubwa. Binti alifungua mdomo, hakuna kilichotoka, na mama alizidi kumtikisa mbele ya watu. Sikuvumilia aonekane mtu wa kumtupa dada yake kwa sababu ya kosa langu.

"Hakumwacha, mama," nikasema. "Mimi ndiye niliyekata maneno. Alisema hivi: yaya alinibeba ku mugongo mpaka ku mto. Yaya akabaki."

Nilidhani ninamtetea. Bado nilidhani kubaki ni kubaki tu.

Mama akayaachilia mabega ya binti yake. "Maji ilimubeba?" akamuuliza.

Binti akaitikia kwa kichwa.

Mama akaketi pale pale sakafuni, akanyoosha miguu. Hakulia. Fundi alikuja kuninong'oneza kama azime skrini kwa sababu wageni wanauliza kuna nini, nami nikamfukuza kwa maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyatamka. Nikainama karibu na mama.

"Nimekuwa namungoja," akasema. "Kila Jumapili naenda kwa stage kuangalia gari ya kutoka Uganda." Akaniangalia usoni. Aliniuliza mimi, si binti yake, maana mimi ndiye niliyemletea habari. "Sasa nisimungoje tena?"

"Usimngoje, mama," nikamjibu.