Gari Lililotaka Mteremko

Siku yangu ya kwanza kazini nilipelekwa kwenye kizuizi cha mifugo Mwingi, barabara ya Garissa. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Kizuizi chenyewe kilikuwa mti uliolazwa juu ya mapipa mawili, na kazi yake ilikuwa kuzuia mifugo wasivuke wakati wa karantini, yaani wakati ugonjwa wa miguu na midomo umeingia mahali na wanyama wamekatazwa kutoka. Nilikuwa nimevaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Nilidhani kazi ni kuchungulia ndani ya magari.

Mkaguzi wa Mifugo aliyenipokea alikuwa mtu mfupi asiye na mzaha. Lori la makaa likaja likasimama. Akamwambia dereva, "Zima injini."

"Bwana, nimechelewa."

"Zima."

Dereva akazima. Mkaguzi hakupanda lori wala kugusa gunia. Alisimama tu, mikono nyuma, kama mtu anayesikiliza mahubiri. Punde, chini ya magunia ya makaa, mbuzi akalia.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimesikia, bwana."

"Basi hiyo ndiyo kazi. Dizeli ikinguruma inaweza kuficha zizi zima. Usiruhusu gari lipite bila kuzimwa, hata likiwa la chifu. Na wakikuambia wana mgonjwa, zima kwanza, umpe pole baadaye."

Msicheke. Tulishawahi kukuta ndama amelazwa kwenye kiti cha nyuma, kafunikwa blanketi na kitambaa kichwani, na mama mmoja analia kando yake eti ni shangazi. Watu wetu wakiwa na njaa na mnyama wa kuuza, akili zao hazilali. Nilifanya kazi hiyo Mwingi, nikahamishiwa Kitui mjini, kisha Mutomo, na mwishowe nikawa Mkaguzi mimi mwenyewe. Kila kijana aliyeletwa kwangu nilimfundisha lile lile. Nao walipopanda vyeo, wakawafundisha wengine.

Sasa niwaambie habari za gari.

Landrova ya idara ilikuwa ya Daktari wa Mifugo wa Wilaya, na siku asipokuwa nayo ilikuwa juu ya mawe ikingoja spea. Sisi wengine tulikuwa na baiskeli. Kwa hiyo mhandisi mmoja wa visima alipomaliza mkataba wake na kuuza gari lake, nililinunua kabla sijawauliza waliokuwa wanalijua. Lilikuwa gari la familia, refu, la dizeli, la safu tatu za viti. Aina yake siitaji. Waliolitengeneza hawakuniahidi chochote.

Lakini viti vile, jamani. Ukikaa, unazama polepole kama mkono kwenye unga. Barabara ya Kitui kwenda Mutomo, ambayo ilikuwa imezoea kututoa meno, ndani ya gari lile ulikuwa unaisikia kwa mbali tu, kama ugomvi wa majirani. Mama yangu alipanda mara ya kwanza kwa woga, ameshika mlango kwa mikono yote miwili. Kabla hatujafika sokoni alikuwa amelala.

"Mwanangu," aliniambia alipoamka, "hata kitandani kwangu sijawahi kulala hivi. Hiyo sauti yake ya kugonga gonga inanibembeleza."

Na kweli, gari likinguruma analala, likinyamaza anaamka.

Ubaya wake ulikuwa kuwaka. Dizeli haiwashwi kwa cheche kama petroli. Ina hita plagi, vijiti vinavyopashwa moto na betri ili mafuta yashike. Za kwangu zilikuwa zinakufa moja baada ya nyingine, na kuzipata ilikuwa mpaka Nairobi, ukibahatika. Pampu nayo ilikuwa inavuta hewa. Hewa ikiingia kwenye mafuta, injini inakohoa na kufa, nawe unashika spana ulegeze skrubu hii na ile, upampu kwa kidole mpaka povu liishe. Mafundi walilifungua wakalifunga, wakalifungua tena. Kila mmoja alimlaumu aliyemtangulia.

Dawa yake moja tu ndiyo haikunidanganya: mteremko. Liweke juu, pua iangalie chini, liachilie, tia gia ya pili, ondoa mguu kwenye klachi. Linawaka kama halijawahi kuugua. Kwa hiyo nikaishi kwa miteremko. Kanisani niliegesha juu ya kanisa, sokoni juu ya soko. Nyumba ya kupanga nilichagua kwa kutazama ardhi, si vyumba. Mke wangu Ndinda alikuwa na jiwe lake la kuzuia gurudumu, kwa sababu handibreki nayo ilikuwa jina tu. Kazi yake ilikuwa kuliondoa na kuruka ndani gari likiwa linaondoka, amevaa viatu vyake vya Jumapili. Hakuwahi kulalamika, ila aliniambia mara moja kwamba aliolewa na mtu wa ng'ombe, si na mtu wa mawe.

Kitui ina vilima, Mungu hakunyima. Halafu wakanihamishia Makindu.

Nilikwenda kwa Daktari wa Wilaya nikamweleza. Makindu ni tambarare tupu. Maji yakimwagika pale yanasimama yakifikiri pa kwenda.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Bwana Musyoka," akasema, "serikali haijawahi kumwacha mtu mahali kwa sababu ya kilima. Uza gari."

"Nani atalinunua, daktari?"

"Basi uende na basi."

Nikaenda nalo. Nyuma ya nyumba ya serikali, akina mama wa mwethya, kile kikundi cha kusaidiana kulima matuta na kuchimba mabwawa, wakanijengea kilima cha udongo. Walicheka mpaka machozi, lakini walikijenga. Nilikipanda jioni, nikakishuka asubuhi, na mchana kutwa sikuzima injini mahali pasipo na mteremko. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya nyumba yetu.

Mama alikuja kukaa nasi huko miguu ilipokataa. Baadaye moyo nao ukachoka. Hospitalini walituambia tumrudishe nyumbani, na sote tulielewa maana yake. Alinishika mkono.

"Nyumbani si hapa," akasema. "Nipeleke kwangu. Nataka kufia kitandani mwangu, mlango ukiwa wazi niuone mlima. Niahidi."

"Naahidi, mwaitu," nikamwambia. Ndivyo tunavyomwita mama kwetu.

Kwetu ni chini ya kilele cha mlima, juu ya Mutomo. Tuliondoka asubuhi, Ndinda akaondoa jiwe, gari likashuka kilima chetu cha udongo likawaka mara moja. Nilimlaza mama kiti cha katikati, kichwa mapajani pa Ndinda. Tukapita Kibwezi, tukavuka Athi. Njia nzima gari halikukohoa hata mara moja. Lilikwenda vizuri mpaka nikaanza kuliamini. Mama alilala, anaamka kidogo, analala tena. Tulipopita Ikutha nikauona mlima wetu kwa mbali, wa buluu, nikamwambia. Akatabasamu bila kufungua macho.

Ndipo nikaona mti umelazwa juu ya mapipa mawili.

Nilijua kuna karantini. Sikujua wameweka kizuizi pale, kwenye tambarare, mchanga kila upande. Kijana wa idara akaja dirishani, sare safi, kaptura imesimama. Hakunijua.

"Habari, mzee. Zima injini."

"Kijana, mimi ni Mkaguzi, niko Makindu. Gari hili likizimwa hapa haliwaki. Nina mgonjwa."

"Wote husema hivyo, mzee."

"Mtazame. Fungua mlango umtazame."

Akatazama. Nikaona ameona. Lakini nikaona pia kwamba amefundishwa vizuri. "Pole sana, mama," akasema kwa upole. "Ila dizeli inaficha sauti. Nisiposikiliza, nimevunja kazi. Zima, mzee, ni dakika tu."

Maneno yale nilikuwa nayajua kuliko yeye. Nikazima.

Kijana akasimama, mikono nyuma, akasikiliza. Hapakuwa na mbuzi. Palikuwa na upepo, na pumzi za mama.

"Mbona limenyamaza?" mama akauliza.

"Linapumzika, mwaitu."

"Tumefika?"

"Tumekaribia."

Nilitia ufunguo. Likaguna, likakaa. Nilitia tena mpaka betri ikaisha. Nikafungua boneti, nikatoa hewa. Kando ya barabara akina mama wa mwethya wa huko walikuwa wakichimba bwawa. Ndinda aliwaita kwa Kikamba, wakaacha majembe wakaja. Walisukuma wakiimba wimbo wao wa kazi. Kijana akavua kofia akasukuma nao, jasho na machozi usoni pake. Magurudumu yakazama mchangani, wakalitoa, yakazama tena. Gia ya pili, klachi, kikohozi, kimya. Mama aliuliza tena kwa nini gari limenyamaza. Safari hiyo Ndinda ndiye aliyemjibu.

Mbele kulikuwa na mto mkavu wenye ukingo unaoshuka. Walitusukuma mpaka pale. Pua ilipoinama gari likateleza lenyewe, na chini kabisa likawaka, moshi mweusi, mlio ule ule wa kugonga gonga. Akina mama wakapiga vigelegele nyuma yetu.

"Mwambie linakwenda," nikamwambia Ndinda.

Nikamtazama kwenye kioo. Alikuwa ameshafunika uso wa mama kwa leso.

Mlima ulikuwa mbele yetu, karibu hivyo. Nilimfikisha. Nilimlaza kitandani mwake, nikafungua mlango. Ndugu yangu alisema, "Musyoka, zima gari," na nikamwambia aliache. Lilinguruma uani matanga yalipoanza, mchungaji akaomba juu ya mlio wake, hadi mafuta yakaisha likazimika lenyewe.

Nilistaafu miaka ya tisini. Vijana wa idara hunitembelea wakitaka niwaeleze kazi ilivyokuwa. Yule wa Ikutha alikuja pia, sasa ana mvi. Aliniuliza kama alifanya makosa siku ile. Nilimwambia alifanya kazi jinsi inavyofanywa, na hakufurahi kusikia, wala mimi sikufurahi kusema.

Gari lipo. Tulilivuta mpaka juu ya shamba, pua inaangalia chini, kwa mazoea tu. Halina betri, lakini kwa mteremko ule huenda lingewaka. Ndinda huniuliza mara moja moja, tukiwa tunapita na majembe, kama aliondoe jiwe tujaribu.

Namwambia aliache.