Kamati ya Harusi Isiyo na Bibi Harusi

Mtani wangu, Mgogo wa watu, ndiye aliyeiandika ile komedi, na mimi Mnyamwezi wa Goweko nikapewa kucheza mpenzi wake. Jamani! Nina mke na watoto watatu, na hata huyo mke hulalamika kwamba mapenzi siyajui.

Mchezo ulikuwa hivi: majirani wanaunda kamati ya harusi ya bwana mmoja asiyetaka kuoa. Wanagombania rangi ya sare, wanagombania mshereheshaji, wanakula pilau kikao baada ya kikao, na hakuna anayeuliza bibi harusi ni nani. Wakati huo bwana yule na rafiki yake wamekaa pembeni, wanakunywa chai, wanapendana kimya kimya. Mtani alikuwa anajiandika mwenyewe. Mimi nilijua zamani kwamba anapenda wanaume, na tulishataniana hadi tukachoka. Mama yake hakujua, na kila akipiga simu alimwuliza habari za mkwe.

Safari hii mama alikuwa anakuja kwa treni kutoka Dodoma.

"Akicheka, namwambia," mtani aliniambia. "Akinuna, ni komedi tu, basi."

Alirudia maneno hayo mara tatu. Nikamwonea huruma, nikaacha kumtania siku nzima, na hapo ndipo akaogopa zaidi.

Tulicheza uani kwangu, Jumapili alasiri, geti limefungwa, watazamaji ni wale tunaowaamini tu. Kamati ilipoanza kugombania keki, mama alicheka mpaka kitenge kikamdondoka begani. Ikafika zamu yangu ya kumtazama mtani kwa mahaba. Nikamtazama kama nakagua tumbaku.

"Ndivyo alivyo huyo!" mke wangu akapaza sauti.

Watu mbavu hawana. Mtani naye kwa kucheka akapaliwa. Pazia la khanga likasogea, mkono wa fundi cherehani aliyetushonea mavazi ukatoka na kikombe cha maji, ukampigapiga mgongoni polepole, ukarudi ndani.

Baada ya makofi mtani akamwendea mama yake. "Mama, mchezo huu..."

Mama akamkatiza, akanigeukia mimi. "Wewe Mnyamwezi, hujui kupenda hata kwa kuigiza! Nani alikupa kazi hii?" Kisha akalitazama pazia. "Na yule mwenye maji mnamficha nini? Mwiteni."

Fundi akatoka, mwanamume mzima, sindano bado imechomekwa kwenye kola ya shati, akainama. "Shikamoo, mama."

Mama alimwangalia juu hadi chini. Mimi utani wote ulikuwa umeniishia.

"Marahaba, mwanangu. Njoo ukae hapa. Ni wewe unayemlisha huyu? Maana siku hizi kwenye simu halalamiki tumbo."

Mtani akaangua kilio mbele ya kamati nzima.